Data iliyobanwa na usalama wa seva ya wavuti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayeendesha seva au anayeandika programu inayopokea data kutoka nje. Hauhusu mafuriko ya maombi yanayoziba laini ya intaneti. Hayo yana dawa yake. Hapa tunazungumzia ombi dogo, lenye sura ya kawaida kabisa, ambalo huvimba likishaingia ndani.

Shambulio lenyewe linafanyikaje?

Mteja anatuma ombi lenye heda `Content-Encoding: gzip`, yaani inayosema mwili wa ombi umebanwa kwa gzip. Mwili wake una megabaiti 1. Seva, au programu iliyo nyuma yake, inaanza kuufumua ili isome yaliyomo, na kinachotoka ni gigabaiti nzima ya sifuri. Programu ikiwa imeandikwa kufumua yote kwanza ndipo ikague, gigabaiti hiyo inakaa kwenye memori. Maombi 10 ya namna hiyo kwa wakati mmoja ni gigabaiti 10, na aliyeyatuma ametumia megabaiti 10 tu za laini yake. Hahitaji jeshi la kompyuta zilizotekwa. Kompyuta moja na intaneti ya kusuasua vinamtosha.

Data kama hiyo huitwa bomu. Katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, kasoro hii ina namba yake: CWE-409.

Data ndogo inawezaje kuvimba kiasi hicho?

Gzip, zlib na faili nyingi za zip hutumia mbinu moja ya kubana iitwayo DEFLATE, iliyoandikwa rasmi katika RFC 1951 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) ya mwaka 1996. Badala ya kurudia baiti zilizokwisha kupita, mbinu hii huandika agizo: rudi nyuma hatua kadhaa, nakili baiti kadhaa. Agizo moja linaweza kunakili baiti 258 kwa wingi zaidi, na data ikiwa ni ile ile tupu, agizo hilo huandikwa kwa biti 2 pekee. Biti 2 zinazaa baiti 258, yaani kila baiti 1 inayoingia inatoa 1,032. Hapo ndipo mwisho wa DEFLATE, na ni mwisho wa kihesabu: hakuna ujanja wa kuuvuka ndani ya tabaka moja.

Mbinu nyingine hazina breki hiyo. Gigabaiti 1 ya sifuri ikibanwa kwa bzip2 hubaki chini ya kilobaiti 1. Brotli na Zstandard nazo zinaweza kuupita uwiano wa DEFLATE kwa mbali sana. Ukiamua kupokea mbinu mpya kwa sababu tu maktaba yako inaijua, umeongeza pia ukubwa wa bomu unaloweza kutumiwa.

Nimesikia habari za 42.zip. Bado ni tishio?

Kwa seva ya wavuti, si sana. Faili ile ya kilobaiti 42, bomu la zamani, ni zip ndani ya zip ndani ya zip, tabaka tano zenye faili 16 kila moja, na chini kabisa kuna faili za takriban gigabaiti 4.3. Jumla yake ni petabaiti 4.5, lakini jumla hiyo haipatikani mpaka programu ifumue kila tabaka kwa kujirudia. Walioumia nayo zamani ni programu za kukagua virusi, kwa sababu kazi yao ni kuchimba hadi chini.

La kuogopa zaidi ni la mwaka 2019, pale mtafiti David Fifield alipoonyesha zip isiyohitaji tabaka. Faili nyingi zilizoorodheshwa ndani yake zinaelekeza kwenye kiini kimoja cha data iliyobanwa, zikipandana. Kilobaiti 42 zinatoa gigabaiti 5.5 kwa kufumua mara moja tu. Megabaiti 10 zinatoa terabaiti 281. Kikomo cha 1,032 hakikuvunjwa; alikizunguka kwa kutumia data ile ile mara nyingi. Kwa hiyo anayekagua uwiano wa faili moja moja ndani ya zip bila kujumlisha hajajikinga.

Nimeweka `client_max_body_size` kwenye nginx. Si inatosha?

Haitoshi. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloacha seva nyingi wazi. Kikomo hicho (chaguomsingi ni megabaiti 1) kinapima baiti zinazoingia mlangoni, zikiwa bado zimebanwa. nginx, ambayo ni programu ya seva ya wavuti, yenyewe haifumui mwili wa ombi. Inaupitisha ulivyo kwa programu iliyo nyuma. Moduli yake ya `gunzip` ni ya majibu, haihusiki hapa. Megabaiti 1 inapita kihalali, na programu yako ndiyo inayokutana na gigabaiti.

Hata hivyo usikiondoe. Kinapunguza bomu, hasa ukikishusha kwenye njia zisizohitaji mwili mkubwa: fomu ya kuingia haina sababu ya kupokea zaidi ya kilobaiti chache. Kumbuka tu kwamba kwa gzip unachoruhusu hasa ni hicho mara elfu moja.

Na Apache?

Apache haifumui mwili wa ombi mpaka uiambie, kwa kawaida kwa `SetInputFilter DEFLATE`. Kama umewasha hilo, hakikisha toleo lako ni 2.4.10 au la baadaye. Matoleo ya kabla ya hapo yana kasoro CVE-2014-0118 (CVE ni namba ya kutambulisha kasoro ya usalama iliyotangazwa), ambayo ndiyo shambulio hili hasa. Marekebisho yalileta vidhibiti vitatu: `DeflateInflateLimitRequestBody` kwa jumla ya baiti zilizofumuliwa, `DeflateInflateRatioLimit` kwa uwiano (chaguomsingi 200), na `DeflateInflateRatioBurst` kwa idadi ya mara uwiano huo unavyoruhusiwa kupitwa kabla ombi halijakatwa (chaguomsingi 3). Cha kwanza kiweke kwa mkono wako, usikiachie chaguomsingi.

Basi kwa nini nisikatae tu maombi yaliyobanwa?

Kataa. Kama hakuna mteja wako anayetuma data iliyobanwa, hii ndiyo kinga bora na ya bei rahisi kuliko zote. Vivinjari hupokea majibu yaliyobanwa kila siku, lakini havibani vyenyewe fomu wanazotuma watumiaji. Wanaotuma maombi yaliyobanwa ni hasa programu za kukusanya logi na vipimo, mifumo inayosawazisha data nyingi, na wateja wa API walioandikiwa hivyo. Kwenye nginx mistari mitatu inatosha:

    if ($http_content_encoding) {
        return 415;
    }

Namba 415 (aina ya data haikubaliki) ndiyo sahihi. RFC 7694 ya 2015 inaeleza kwamba seva inaweza kuijibu pamoja na heda `Accept-Encoding`, ili mteja mwema ajue kinachopokelewa na kutuma upya. Ukiwa na njia moja tu inayopokea logi zilizobanwa, ruhusu hapo tu, kwingine kote funga.

Kama lazima nipokee, kikomo nikiweke wapi?

Kwenye baiti zinazotoka, wakati zinatoka. Fumua kipande kidogo, hesabu, linganisha na kikomo, endelea. Siku jumla inapovuka, acha hapo hapo na utupe vyote. Mfano kwa Python:

    import zlib

    KIKOMO = 5 * 1024 * 1024

    class MwiliMkubwa(Exception):
        pass

    def fumua(vipande):
        d = zlib.decompressobj(wbits=31)
        jumla = 0
        for kipande in vipande:
            while kipande:
                data = d.decompress(kipande, 65536)
                jumla += len(data)
                if jumla > KIKOMO:
                    raise MwiliMkubwa()
                yield data
                kipande = d.unconsumed_tail
        yield d.flush()
        if not d.eof:
            raise ValueError("data imekatika")

Siri iko kwenye ile 65536. Bila hiyo, `decompress` itafumua kipande chote kwa mkupuo, na ukaguzi unaofuata utakuta maji yameshamwagika. Wengine hutumia `zlib.decompress(data, bufsize=...)` wakidhani wameweka kikomo, lakini `bufsize` ni ukubwa wa kuanzia tu, na hukua kadiri data inavyodai.

Jambo jingine dogo lenye madhara: faili ya gzip inaweza kuwa na sehemu kadhaa zilizounganishwa, kila moja ikiwa na mwanzo na mwisho wake. Msimbo huu unasoma sehemu ya kwanza tu. Ukiupanua usome zote, `jumla` isianze upya kwa kila sehemu, la sivyo mshambuliaji atakuletea sehemu mia moja zilizo chini ya kikomo kidogo tu.

Kwa Go, seva ya kawaida haifumui maombi. Unapofumua mwenyewe, `io.LimitReader` au kihesabu chako kikae juu ya `gzip.NewReader`, upande wa kutokea. Ukiweka `http.MaxBytesReader` peke yake chini yake, unapima mlango wa kuingilia kama ilivyo kwa nginx. Kwa Express ya Node.js, `express.json()` hufumua kwa chaguomsingi, lakini kikomo chake cha kilobaiti 100 huhesabu data iliyokwisha kufumuliwa, kwa hiyo uko salama. Usalama huo huondoka siku mtu anapoandika `limit: '2gb'` ili kunyamazisha kosa la 413 (mwili mkubwa mno).

Je, siwezi kusoma ukubwa uliotangazwa nikaokoa muda?

Unaweza kuusoma, usiuamini. Baiti 4 za mwisho za gzip zinataja ukubwa wa data halisi, lakini hesabu hiyo huzunguka kila inapofika gigabaiti 4, na zaidi ya hapo ameiandika mtumaji mwenyewe. Zip nayo ina ukubwa ulioandikwa kwenye orodha yake ya faili. Nayo imeandikwa na yule yule. Ukubwa ukitangazwa mkubwa kuliko unavyoruhusu, kataa mapema. Ukitangazwa mdogo, fumua kwa kuhesabu kama kawaida.

Uwiano gani ni wa kutia shaka?

JSON na HTML za kawaida mara nyingi hubanika mara 5 hadi 10. Logi zenye mistari inayofanana zinaweza kufika mara 20 na zaidi, na jedwali lenye safu tupu nyingi linaweza kupita hapo kwa mbali bila nia mbaya ya mtu yeyote. Ndiyo maana sipendi uwiano uwe hakimu wa pekee. Mteja wa kweli atakataliwa kwa sababu data yake inachosha, na mshambuliaji atachanganya takataka kidogo na sifuri ili abaki chini ya mstari. Tumia jumla ya baiti kama kikomo kikuu, uwiano uwe kengele.

Mtu akituma gzip juu ya gzip?

Heda inaruhusu: `Content-Encoding: gzip, gzip`. Tabaka mbili zinazidisha uwiano, tatu zinazidisha tena. Hakuna sababu ya kawaida ya kazi inayohitaji zaidi ya tabaka moja kwenye ombi, hivyo ruhusu moja.

Hesabu tabaka zote kwa pamoja, si kwa kila mstari wa heda. curl, programu ya kutuma na kuvuta data kwa HTTP, ilijifunza hilo kwa hatua mbili. Mwaka 2022 iliweka kikomo cha tabaka 5 baada ya CVE-2022-32206; mwaka 2023 ikabainika kwamba kikomo kilihesabiwa kwa kila heda peke yake, kwa hiyo jibu lenye heda nyingi lilikipita bila shida. Hiyo ikawa CVE-2023-23916.

Lakini curl ni mteja. Seva yangu inahusikaje?

Seva nyingi ni wateja pia. Inapovuta picha kutoka kiungo alichobandika mtumiaji, inaposoma mlisho wa tovuti nyingine, inapoita API ya mshirika, inapokea majibu yaliyobanwa kutoka mahali usipopamudu. Maktaba nyingi za HTTP huomba gzip na kufumua kimyakimya. Kikomo kile kile cha baiti zinazotoka kiwepo hapa, au utume `Accept-Encoding: identity` na ukatae jibu lolote linalokuja limebanwa.

Faili zinazopakiwa na watumiaji je?

Hapa ndipo bomu hupenyea hata kwa aliyezima `Content-Encoding`, kwa sababu faili yenyewe imebanwa. Docx, xlsx, epub na jar zote ni zip zilizovaa jina jingine. Kabla ya kufumua weka vikomo vya idadi ya faili, jumla ya baiti na kina cha tabaka. Fumua kwenye folda iliyo kwenye diski yenye mgao wake, isiwe diski moja na hifadhidata.

Picha zinastahili aya yao. PNG hutumia DEFLATE. Picha ya rangi moja yenye pikseli 20,000 kwa 20,000, biti 1 kwa kila pikseli, inaweza kuwa na uzito wa takriban kilobaiti 50 tu. Programu ya kutengeneza kijipicha ikiigeuza kuwa baiti 4 kwa pikseli, inadai gigabaiti 1.6 za memori. Kikomo cha upakiaji cha megabaiti 5 hakitaiona hata kivuli. Soma vipimo vya picha kwanza, kabla ya kuigusa, kisha ukatae zinazozidi. Pillow, maktaba ya picha ya Python, hutoa onyo pikseli zikipita 89,478,485 na husimamisha kazi zikipita mara mbili ya hapo. Watu wengi huzima onyo hilo kwa sababu linachafua logi. Liache. ImageMagick, programu ya kuchakata picha, ina `policy.xml`, ambamo unaweka upana, urefu na memori ya juu.

Je, heda zenyewe zinaweza kuwa bomu?

Kwenye HTTP/2, ndiyo. Heda hubanwa kwa HPACK, ambayo huweka heda zilizopita kwenye jedwali la baiti 4,096 na kuzitaja tena kwa baiti 1. Mshambuliaji anaweka heda moja inayojaza jedwali, kisha anaitaja mara 16,000 na ushee ndani ya kilobaiti 16. Zikifumuliwa ni karibu megabaiti 64 za heda. Maktaba ya hpack ya Python ilirekebishwa kwa sababu hiyo mwaka 2016 (CVE-2016-6581). Kinga ni kikomo cha jumla ya heda baada ya kufumuliwa, na seva kubwa zinazosasishwa zinacho. Kazi yako ni kusasisha na kutokipandisha ovyo.

WebSocket (muunganisho wa pande mbili unaobaki wazi) yenye `permessage-deflate` ina hatari ile ile kwa kila ujumbe, na juu yake kila muunganisho hushika memori ya kubania muda wote ukiwa wazi. Maktaba ya `ws` ya Node huizima upande wa seva kwa chaguomsingi. Kama ujumbe wako ni mfupi mfupi, iache imezimwa.

Kubana majibu kunaweza kutumiwa dhidi yangu?

Kunaweza, ila hapo kinachoumia ni prosesa. Mtu anaomba ukurasa mkubwa usio kwenye kache, mara nyingi, na kila mara unabana upya. Apache 2.2.11 na ya kabla yake ilikuwa na kasoro (CVE-2009-1891) ya kuendelea kubana faili hadi mwisho hata mteja akiwa ameshakata muunganisho. Faili zisizobadilika zibane mara moja wakati wa kuziweka, hata kwa Brotli kiwango cha 11. Zinazotengenezwa papo hapo zitumie kiwango cha chini. Nginx huanza na 1 kwa gzip, na faida ya kupanda juu ya 5 au 6 ni ndogo kuliko gharama yake.

Huduma ya kinga iliyo mbele ya seva yangu haitashughulikia haya?

Inasaidia kwa wingi wa maombi na kwa kikomo cha mwili, ila uliza swali moja mahususi: je, inafumua mwili wa ombi ili kuukagua? Kama haifumui, sheria zake haziuoni mwili uliobanwa, na si mabomu tu yanayopita bali pia mashambulizi mengine yaliyofichwa humo. Kama inafumua, inafanya hivyo hadi ukubwa gani, na ikifika hapo inakata au inapitisha? Jibu la "inapitisha" ni la kawaida kuliko unavyotarajia.

Nitatambuaje kwamba nimepigwa?

Dalili hupotosha. Grafu ya mtandao imetulia, wageni hawajaongezeka, lakini memori inapanda ghafla kama ukuta, kisha mchakato unakufa bila kuandika kosa. Tafuta kwenye logi ya kernel maneno `Out of memory: Killed process`. Mara nyingine anayeuawa si programu iliyofumua bali hifadhidata iliyo jirani, kwa kuwa ndiyo iliyoshika memori nyingi zaidi, na fundi atatumia usiku kucha akichunguza hifadhidata isiyo na hatia. Hilo peke yake ni sababu ya kuipa kila huduma mgao wake, kwa mfano `MemoryMax=` ya systemd: bomu likilipuka, limuue aliyelifungua.

Kwenye logi ya maombi ongeza heda ya `Content-Encoding` na ukubwa wa mwili ulioingia. Programu nayo iandike ukubwa uliotoka. Bila namba hizo mbili pamoja, hutaona chochote.

Hii ni sawa na BREACH?

Hapana. BREACH, iliyotangazwa mwaka 2013, hutumia ukubwa wa majibu yaliyobanwa kukisia siri zilizomo. Haiangushi seva.

Naweza kuwarudishia roboti wasumbufu bomu la gzip?

Wapo wanaofanya hivyo, na inafurahisha kuwaza. Sishauri. Jibu hilo linaweza kumfikia mtumiaji halali aliyechukuliwa kuwa roboti, au proksi ya watu wengi, au kifaa cha mtu ambacho kilitekwa bila yeye kujua. Kata muunganisho, inagharimu baiti chache kuliko bomu.

Nijaribuje kinga yangu?

Kwenye seva ya majaribio iliyo yako, na yenye mgao wa memori:

    dd if=/dev/zero bs=1M count=1024 | gzip -9 > bomu.gz
    curl -X POST -H 'Content-Encoding: gzip' \
      --data-binary @bomu.gz https://anwani-ya-majaribio/njia

Faili itakuwa na takriban megabaiti 1, kwa hiyo ipunguze kidogo kama nginx inaikataa mlangoni. Unataka ifike ndani. Tazama memori ya mchakato wakati ombi linaendelea, usisubiri namba ya jibu tu, kwa maana programu inaweza kujibu 413 vizuri kabisa baada ya kuwa imeshameza gigabaiti. Ukiona memori haikupanda zaidi ya kikomo ulichoweka, rudia kwa maombi 20 ya pamoja, kisha kwa tabaka mbili, kisha kwa kila njia inayopokea faili.